Kudabo dau hakurudishi hela iliyopotea

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi: ukipoteza, weka dau mara mbili, na ukipoteza tena fanya hivyo hivyo, maana baada ya kuliwa mfululizo ushindi umekaribia. Si kweli.

Chukua mchezo wa sarafu wenye odi 1.90 kila upande, yaani ukishinda unalipwa dau lako mara 1.90. Anza na shilingi 100, kisha 200, 400, 800, 1,600. Ukishinda raundi ya tano unalipwa 3,040, lakini umeshatoa 3,100. Umeshinda, na bado umepoteza 60. Hata odi zingekuwa 2.00 kamili, kupoteza mara saba mfululizo kunameza 12,700, na dau la nane ni 12,800, kwa faida ya 100 tu. Wengi huishiwa hapo, na wengine wameshagusa ada ya mtoto.

Kinachochanganya ni hiki: kabla ya kuanza, kupoteza mara tano mfululizo ni nadra, 1 kwa 32. Ukishapoteza nne, ya tano inabaki nusu kwa nusu.

Pima mwenyewe bila kuweka hela. Rusha sarafu mara 200, andika kila tokeo, kisha tazama kinachofuata kila upande mmoja unapotokea mara tatu mfululizo. Utaona takriban nusu kwa nusu.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa hesabu ya raundi ya tano.