Kuuelezea mchoro mdogo wa Fabritius mbele ya kundi

Ukipewa kuelezea mchoro ambao wageni hawajawahi kuusikia, kishawishi ni kuanza na maisha ya mchoraji. Kwa mandhari ya Delft, mji wa Uholanzi, aliyochora Carel Fabritius mwaka 1652, iliyomo National Gallery ya London, kishawishi hicho ni kikubwa zaidi: Fabritius alikufa tarehe 12 Oktoba 1654, ghala la baruti lilipolipuka na kubomoa sehemu kubwa ya mji huo. Ukishautaja mlipuko, watu wataanza kukuuliza habari za baruti. Uweke akiba.

Anza na ukubwa wake: sentimita 15.5 kwa 31.7. Wakisimama watu kumi na watano kwa pamoja, wa nyuma wanaambulia fremu tu. Mimi hugawa kundi watano watano, kila kundi dakika moja ya kutazama kimya, nami nasimama ubavuni. Kisha nauliza: nini hapa hakijakaa sawa? Hawakawii kuona. Viola da gamba (ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde) iliyolazwa mezani upande wa kushoto imevutwa hadi imekuwa kubwa kupindukia. Karibu yake kuna lute, ndugu wa Ulaya wa udi wetu wa taarabu, imeegemezwa ukutani, na muuzaji ameketi kivulini kashika tama. Katikati, kanisa la Nieuwe Kerk, ambalo ni kubwa kwelikweli, limesinyaa.

Wataalamu wengi huamini kwamba turubai ilikusudiwa kutazamwa ikiwa imepindwa, pengine ndani ya sanduku la kuchungulia, yaani lenye tundu la kutazamia picha iliyomo ndani. Hakuna sanduku lililopatikana, kwa hiyo sema "pengine" na usilimeze neno hilo.

Hoja hiyo inajaribika. Chapa picha kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya A3; A4 haitoshi, ina urefu wa sentimita 29.7 tu. Tumia karatasi nzito kidogo, nyepesi hulegea katikati. Ikate, kisha ibandike ndani ya sufuria yenye kipenyo cha sentimita 20, picha ikitazama ndani: itafanya nusu duara. Ukiipinda kwa nje, upotofu unazidi. Fumba jicho moja, weka jingine kwenye kitovu cha duara, yaani sentimita 10 hivi kutoka kwenye picha. Hapa ndipo wengi wenye umri mkubwa hukwama, kwa kuwa macho yao hayaoni vizuri kwa karibu hivyo. Dawa ni kadi yenye tundu la milimita 2, wachungulie humo penye mwanga mwingi. Viola inarudi kwenye kimo chake, na mtaa unamzunguka mtazamaji.

Jumba hilohilo lina sanduku la kweli la aina hiyo, la Samuel van Hoogstraten, aliyefunzwa pamoja na Fabritius katika karakana ya Rembrandt. Lina matundu mawili tu, hivyo foleni haikwepeki. Tenga muda, au liache kabisa.

Mlipuko sasa. Uelezee mbele ya mchoro wa Egbert van der Poel unaoonyesha magofu ya Delft, uliomo pia National Gallery, ili waone majumba yaliyobomoka na makanisa yaliyobaki wima. Angalia tovuti asubuhi ya siku yenyewe: picha ndogo kama hizi huazimwa mara kwa mara, na ukuta mtupu hauelezeki.