"Kuwapa walimu silaha": maana yake nini hasa?

Ukisikia kwenye habari kwamba jimbo fulani la Marekani "limewapa walimu silaha", usidhani lori la bunduki limeegeshwa uwanjani na kila mwalimu anasaini ya kwake. Aghalabu kilichofanyika ni kulegeza katazo. Mwalimu anayetaka mwenyewe, au mpishi, au karani wa ofisi, anaruhusiwa kuingia shuleni na bastola aliyoificha chini ya nguo, akishapata kibali na mafunzo ya kiasi fulani. Halazimishwi mtu.

Hoja ya wanaounga mkono ni ya muda. Shambulio la shule huua watu ndani ya dakika chache, na polisi bado wako njiani. Ndiyo sababu mwaka 2007 bodi ya shule ya Harrold, mahali padogo huko Texas palipo mbali na ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa eneo, iliwaruhusu baadhi ya wafanyakazi wake kubeba silaha. Mjadala ukawa wa nchi nzima Desemba 2012, baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut. Wiki moja baadaye Wayne LaPierre wa NRA, chama cha watetezi wa bunduki, alisema kinachomzuia mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki, basi. Sentensi hiyo ndiyo inayozungushwa mpaka leo.

Kisha ikaja Parkland, Florida, Februari 2018: watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari. Florida ikaanzisha mpango wa walinzi wa shule wenye silaha na kuupa jina la Aaron Feis, kocha aliyekufa akiwakinga wanafunzi kwa mwili wake. Hapa mimi husita kidogo, kwa sababu Feis hakuwa na silaha. Aliyekuwa nayo ni askari wa sherifu aliyepangiwa shule hiyo, naye alibaki nje. Alishtakiwa, na mwaka 2023 mahakama ikamwachia huru. Mwanzoni mpango huo uliwaweka kando walimu wa darasani. Mwaka 2019 nao wakafunguliwa mlango.

Anayetaka kuielewa dhana hii aanze na saa za mafunzo. Florida inadai saa 144. Ohio, mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa imesema mwalimu mwenye silaha apate mafunzo ya askari polisi, zaidi ya saa 700. Sheria ya mwaka 2022 ikayashusha hadi saa 24, ingawa bodi ya shule ikitaka inaweza kuongeza. Tennessee, iliyopitisha sheria yake mwaka 2024, inataka saa 40 kwa mwaka. Neno ni lile lile, "mwalimu mwenye silaha", lakini hao ni watu watatu tofauti. Na kulenga si mchezo: utafiti kuhusu polisi wa New York wa mwaka 1998 hadi 2006 ulionyesha kwamba katika kurushiana risasi, ni takriban risasi 18 kwa kila 100 zilizompata mlengwa. Hao ni askari wa kazi, na hawana watoto thelathini wanaokimbia kati yao na adui.

La pili ni swali dogo ambalo wanasiasa hulipita: saa nne asubuhi, bastola iko wapi? Mwaka 2014, katika shule ya msingi huko Taylorsville, Utah, bastola ya mwalimu ilifyatuka akiwa chooni. Risasi ikapasua bakuli la choo na vipande vikamjeruhi mguu. Shule ilikuwa salama kabisa asubuhi hiyo; hatari aliingia nayo yeye.

Uvalde, Texas, Mei 2022, kila upande huichukua kuwa ushahidi wake. Polisi 376 walifika kwenye shule ya msingi iliyoshambuliwa, na dakika 77 zikapita kabla ya muuaji kukabiliwa. Watoto 19 na walimu 2 walikufa. Huyu atasema: mnaona, usimsubiri polisi. Yule atajibu: ikiwa polisi 376 walikwama, mwalimu mmoja wa Kiingereza atafanya nini? Vyama vikubwa vya walimu, NEA na AFT, viko upande wa pili huu.

Usiri nao una utata wake. Tennessee haiwaambii wazazi ni mwalimu gani amebeba, ili mshambuliaji asijue wa kumwanzia. Kwa hiyo mzazi naye hajui kama bastola iko mita moja kutoka dawati la mwanawe.

Kansas iliruhusu mwaka 2013. Huko kikwazo kikubwa kilikuwa bima: kampuni iliyokuwa ikizikatia bima wilaya nyingi za shule jimboni ilitangaza kwamba shule itakayowaruhusu wafanyakazi wake kubeba silaha haitaikatia tena.