Mzee hasikii tena harufu: ni uzee, au ni dalili ya demensia?

Mama ana miaka 74, tunaishi naye Arua, Uganda. Siku hizi maharage yanaungua huku amekaa pale pale kando ya sigiri, na hastuki. Je, demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, imeanza?

Kwa pua peke yake hatuwezi kusema hivyo, na tafadhali usimwambie hivyo. Uwezo wa kunusa hupungua sana uzeeni. Utafiti uliofanywa Marekani miaka ya 1980 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa miaka 65 hadi 80 walikuwa na upungufu huo, na kwa waliopita miaka 80 ulikuwa zaidi ya robo tatu. Si wote hao wanaoelekea kwenye demensia. Pua huharibiwa pia na mafua makali, UVIKO-19, vinyama vya puani, sigara, dawa fulani, na hata kugonga kichwa, kwa mfano katika ajali ya boda.

Lakini hayo maharage yana jambo la kuchunguza. Je, mama hakusikia harufu, au alisahau kwamba ameinjika sufuria? Muulize kwa upole, tena siku ile ile. Akijibu, "Nilijua yapo jikoni, ila sikusikia yanaungua," basi shida huenda ni ya pua. Akishangaa na kuuliza ni nani aliyeweka maharage motoni, hapo tunazungumzia kumbukumbu. Na yote mawili yakienda pamoja, msikae nyumbani kusubiri.

Pua na kumbukumbu zinahusiana vipi?

Zinapakana ndani ya ubongo. Harufu ikiingia puani, neva hupeleka habari kwenye kivimbe kidogo kilicho chini ya ubongo wa mbele, na kutoka hapo zinafika maeneo yaliyo jirani na hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linasema huchangia asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote, protini iitwayo tau huanza kujirundika katika maeneo hayo mapema, miaka mingi kabla familia haijaona lolote. Ndiyo maana pua inaweza kuyumba kabla ya kumbukumbu.

Mara nyingi mgonjwa wa namna hii bado anasikia kwamba kuna harufu, ila hawezi kuitambua. Ukimpa kahawa anuse, anasema, "Kuna kitu hapa," lakini hajui ni nini. Na wengi hawajijui kwamba pua imepungua. Anayegundua ni mkwe au mjukuu, anapoona chumvi imezidi au maziwa yaliyochacha yametiwa kwenye chai.

Ugonjwa wa Parkinson nao unaweza kuanzia puani, miaka kadhaa kabla mikono haijaanza kutetemeka.

Naweza kumpima nyumbani?

Unaweza kupata fununu, si jibu. Kuna kipimo maarufu cha harufu 40 kilichotengenezwa Marekani. Baadhi ya harufu zake ni ua la lilac na tango lililolowekwa kwenye siki. Mzee wa huku kwetu asipoyatambua hayo, hatujajua lolote kuhusu ubongo wake. Tumia vitu vya nyumbani kwake: kahawa, karanga zilizokaangwa, ganda la chungwa, kitunguu, mukene (dagaa), sabuni ya kufulia. Afumbe macho, anuse kimoja kimoja, apumzike kidogo kati ya kimoja na kingine. Msimcheke akikosea.

Usitumie pilipili, amonia wala dawa ya kuchua yenye mentholi. Vitu hivyo huwasha pua kupitia neva nyingine, kwa hiyo hata asiyesikia harufu kabisa atastuka, nawe utadhani pua yake ni nzima.

Huenda umesikia pia kwamba siagi ya karanga inapima Alzheimer. Habari hiyo ilitokana na utafiti mdogo wa University of Florida wa mwaka 2013, uliosema kwamba tundu la kushoto la pua ndilo linaloathirika zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa University of Pennsylvania walijaribu tena na hawakuona tofauti hiyo. Karanga zinafaa kunuswa kama kitu kingine chochote anachokijua, lakini msitangaze ugonjwa kwa sababu ya tundu moja la pua.

Ni mabadiliko gani mengine ya kutazama?

Anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Anapotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Alikuwa hodari wa hesabu sokoni, sasa chenji inamchanganya, au namba ya siri ya mobile money anamtajia yeyote. Anasahau hatua za kupika chakula alichowafundisha binti zake. Wengine waliozoea Kiswahili na lugha nyingine mbili au tatu huanza kurudi kwenye ile ya utotoni tu. Wengine hubadilika tabia: mcheshi anakuwa mkali, mwenye imani na watu anaanza kuwashuku kwamba wanamwibia.

Demensia huja polepole. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, kiharusi au dawa mpya.

Majirani wanasema amerogwa. Wengine wananong'ona kwamba yeye mwenyewe ni mchawi.

Huu ni ugonjwa wa ubongo. Hakuna aliyemroga, wala yeye hajamroga mtu. Maneno hayo yanaumiza, na zaidi ya hapo yanapoteza wakati, kwa kuwa baadhi ya magonjwa yanayofanana na demensia yana tiba: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, kaswende, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. VVU pia hudhoofisha ubongo visipotibiwa, na mzee ana haki ya kupimwa kama kijana. Miezi mliyomzungusha kwa waganga ingeweza kuwa miezi ya matibabu.

Tuanzie wapi?

Mhudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, anaweza kuwaelekeza kwenye kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, kama ile ya Arua. Kampala kuna Mulago, na Butabika kwa magonjwa ya akili. Aende na mtu anayeishi naye, si mtoto aliyekuja wikendi tu. Bebeni dawa zake zote, pamoja na za mitishamba, na karatasi yenye mambo mliyoyaona: lini yalianza, yanatokea mara ngapi. Sema wazi kwamba hasikii harufu, maana ni nadra mtu kuulizwa.

Pua inaweza kurudi?

Iliyoharibiwa na virusi, mara nyingine ndiyo. Kuna mazoezi: kunusa harufu nne, asubuhi na jioni, sekunde kama 20 kila moja, kwa miezi mitatu au zaidi. Zinazotumika sana ni karafuu, limau, mkalitusi na waridi. Hayatibu demensia. Kwa kulinda ubongo, jopo la jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia vizuri, sigara, pombe na upweke.

Kwa sasa, tufanye nini nyumbani?

Anzeni leo na mafuta ya taa. Yakiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, asiyesikia harufu anaweza kuyanywa. Yahamishieni kwenye chombo kisichofanana na cha maji, mkiweke mbali na jikoni. Chakula kilicholala akionje mtu mwingine kabla mama hajala. Kama mna mtungi wa gesi, mtu mwenye pua nzima aufunge kila usiku. Sigiri isilale chumbani hata kama mkaa umeshika vizuri na hakuna moshi: hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu kabisa, na haitasikiwa na mama wala na wewe.