Siku mbili za Arusha kabla ya kuingia hifadhini

Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi, magari ya utalii hutoka Arusha kwa msururu kupitia Kisongo kuelekea Makuyuni, na ndani yake wamo wageni waliofika usiku, wakalala saa chache, wakanywa chai ya haraka na kuondoka. Kazi yangu ni kuongoza wageni, na kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wanaowaharakisha hivyo. Siku hizi kila anayeniuliza namna ya kupanga safari, awe anatoka Dar es Salaam au Dodoma, au anavuka Namanga akitokea Nairobi, namwomba akae Arusha siku mbili kamili kwanza, kwa sababu mengi atakayoyaona Tarangire, Ngorongoro na Serengeti huyaelewa vizuri zaidi mtu aliyeanzia hapa.

Siku ya kwanza ni ya mlima. Meru una urefu wa mita 4,566, na asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika, huonekana karibu kila mtaa wa mji. Ukiutazama kutoka mjini utadhani ni mlima mzima uliochongoka, lakini ukizunguka upande wa mashariki, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, utaona kwamba ubavu wake wa upande huo haupo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka, tope na mawe yakasambaa mbali kuelekea upande wa Kilimanjaro, na vilima vidogo vidogo unavyovipita njiani kwenda Momella ni masalia ya poromoko hilo. Maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde yaliyobaki katikati ya vilima hivyo. Maji yake ni ya magadi, na kwa kuwa kila ziwa lina kiwango chake cha chumvi na mwani wake, rangi zake hazifanani, wala ndege wake hawafanani: heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo, wanaweza kujaa ziwa moja huku ziwa la jirani likiwa halina hata mmoja. Miamba hiyo hiyo ya volkano ndiyo inayoyatia madini ya floraidi maji ya vijito vingi vya upande huu, na hiyo ndiyo sababu wenyeji wengi wa Ngarenanyuki wana meno ya rangi ya kahawia. Nalieleza hili mapema kila mara, maana nimewasikia wageni wakidhani kwamba watu hawa hawajui kupiga mswaki, na maneno hayo huniumiza.

Hifadhi hii haina simba, na mgeni aliyekuja na hamu ya simba huiruka kwa sababu hiyo. Kwangu mimi ndiyo sababu ya kuianza. Hapa unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa nyati na tembo wapo, na mtu aliyewahi kusimama ardhini, mita mia moja kutoka kwa twiga anayetafuna majani ya mgunga, hawatazami tena twiga wa Serengeti kwa macho ya mtu aliyekaa garini. Askari atakuonyesha kinyesi cha nyati na kukueleza kama ni cha asubuhi hii au cha juzi, na utaanza kujua kwamba porini macho huanzia chini. Katika msitu wa Ngurdoto mwombe dereva azime injini. Ukimya ukikaa dakika tano utasikia kwanza matawi yakitikisika, kisha utaona mkia mweupe, mrefu na wenye manyoya mengi ukining'inia kama ufagio ulioanikwa, na baadaye mbega mwenyewe, mweusi mwenye joho jeupe mabegani, akikutazama bila kukimbia. Ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa la volkano, utasimama juu tu, kwani kushuka ndani hakuruhusiwi, na nyati walio chini utawaona wadogo kama kunguni. Kwa mwenye siku tatu au nne na kifua kizuri, njia ya kupanda Meru huanzia Momella na kuishia Kilele cha Ujamaa.

Ng'ambo ya Momella ndiko kuliko na ardhi ambayo waongozaji wengi huipita kimya. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ndiyo Ngarenanyuki niliyoitaja, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka miwili kabla TANU haijaundwa. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini habari ya safari yake ilienea Tanganyika nzima. Ninaona ni wajibu wangu kuitaja kila ninapopita na wageni, hasa watoto wa shule, kwa sababu wengi wao hawajawahi kulisikia jina hilo.

Ukirudi, simama Tengeru. Ikiwa ni Jumamosi, siku ya soko, utapata ndizi za aina ambazo mtu wa pwani hana majina yake yote. Mwaka jana nilikwenda na mama mmoja wa Tanga aliyetaka kununua mkungu. Alipomwamkia muuzaji, mama wa makamo, na kuitikiwa marahaba, jambo la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Unakwenda kupika nini, mwanangu?" Kama ni mtori, alielezwa, achukue mshare, kama ni za kukaanga, mzuzu, na kisukari ni za kula njiani, zisiguswe na moto. Mgeni wangu aliondoka na aina tatu, na somo ambalo hoteli haifundishi.

Hapo hapo Tengeru pana makaburi ya wakimbizi kutoka Poland. Kuanzia mwaka 1942 watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa uhamishoni Siberia na utawala wa Kisovieti, waliletwa hapa kwa kupitia Uajemi, wakaishi, wakasoma na wakalima. Takriban 150 kati yao wamezikwa chini ya misalaba iliyopangwa kwa mistari. Baada ya hapo teremka Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, ambako unaweza kukodi mtumbwi jioni na kuusikiliza msitu ukibadilisha sauti za mchana kwa za usiku.

Siku ya pili ni ya mji wenyewe, na hailazimu gari. Anza na Boma, ngome iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1899 na 1900, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili. Maonyesho yake ya chimbuko la binadamu ndiyo ninayoyasisitiza, kwa kuwa barabara ya kwenda Serengeti hupita karibu na Olduvai, lilikopatikana fuvu la kale la Zinjanthropus mwaka 1959, na kusini ya hapo kuko Laetoli, zilikopatikana nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.6. Anayefika huko bila maelezo haya huona korongo kavu na vumbi tu. Kisha nenda Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ukumbi huo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana mwishoni mwa Januari 1967, na hapo jina la Kilele cha Ujamaa ulichokiona jana linapata maana yake.

Karibu na Boma liko jengo la AICC, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, lenye sehemu tatu zinazoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilisikiliza kesi humo, na tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Wageni wangu kutoka Kigali huomba kusimama pale nje hata dakika chache, nami huwaacha wasimame bila kuongea.

Jioni ulizia loshoro, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa, mara nyingi pamoja na ndizi, kisha yakachanganywa na maziwa mgando. Huliwa ikiwa imepoa na hushibisha hadi kesho. Juni na Julai beba sweta nzito. Beba pia kitambulisho cha taifa, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa mbali, na nimeona familia nzima ikirudishwa kwenye bei ya wageni langoni kwa sababu baba aliacha vitambulisho nyumbani.