Uzito wa msingi: kilo zinazobaki begini chakula kikiisha

Chukua begi la mgongoni lililofungwa tayari kwa safari ya wiki nzima porini. Toa chakula chote. Mwaga maji. Toa gesi au spiriti ya kupikia. Kilichobaki, pamoja na begi lenyewe, kiweke kwenye mizani. Namba utakayoisoma ndiyo uzito wa msingi. Nguo ulizovaa, viatu vilivyoko miguuni na fimbo ulizoshika mkononi havimo, kwa sababu havikai begini.

Dhana hii imekulia Marekani, kwenye njia ndefu za miguu ambazo mtu huchukua miezi kuzimaliza. Appalachian Trail huanzia Springer Mountain, jimbo la Georgia, na kuishia mlima Katahdin, Maine, kama kilomita 3,500 hivi. Pacific Crest Trail hutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, zaidi ya kilomita 4,200, ikipita kwenye jangwa la Mojave na milima ya Sierra Nevada. Anayetembea huko hulala, hupika na kuoga kwa vile alivyobeba mwenyewe, na kila baada ya siku 3 hadi 5 hutoka njiani akaingia mjini kununua chakula kingine.

Msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro anajua utaratibu mwingine kabisa. Pale geti la Machame mizigo hupimwa kabla ya safari, na mpagazi mmoja hatakiwi kupewa mzigo wa wageni na kampuni unaozidi kilo 20. Ukizidi, anaongezwa mtu. Mgeni mwenyewe anapanda na kibegi chenye maji, koti la mvua na vitafunwa. Uzito haujapungua hata gramu moja. Umegawanywa kwenye migongo ya watu wengine, wale wanaoitwa wagumu, na jina hilo wanalistahili. Kwenye njia ndefu za Marekani mgongo ni mmoja tu, wako, na kwa hiyo kinachowezekana ni kupunguza.

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliotembea na misafara kati ya pwani na maziwa makuu katika karne ya 19, walikuwa na mgawanyo unaofanana na huu. Mzigo ulikuwa kitu kimoja, karibu frasila 2, yaani kilo 30 na ushei. Posho ilikuwa kitu kingine, na ilihesabiwa kwa siku. Posho iliisha, ikatafutwa nyingine njiani, lakini mzigo ulibaki uleule mpaka mwisho wa safari. Neno posho linanifaa sana hapa, kwa hiyo nitalitumia: chakula, maji na nishati ya kupikia ni posho. Vyote vingine ni uzito wa msingi.

Kwa nini kuvitenganisha? Kwa sababu posho haiko mikononi mwako sana. Mwili wa mtu anayetembea kutwa unadai gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kwa siku, na lita 1 ya maji ina kilo 1 hata ufanye nini. Umbali kati ya mji na mji, au kisima na kisima, ndio unaoamua ubebe kiasi gani. Uzito wa msingi, kinyume chake, unaamuliwa nyumbani kabla hujafunga zipu. Ukijumlisha vyote pamoja hujui unapimana na njia au na uamuzi wako mwenyewe.

Tuchukue watu 2 wanaotoka mjini asubuhi moja na posho sawasawa: chakula cha siku 5, gramu 800 kwa siku, ni kilo 4, maji lita 2, gesi gramu 200. Jumla kilo 6.2. Wa kwanza uzito wake wa msingi ni kilo 11, kwa hiyo anaondoka na kilo 17.2 mgongoni. Wa pili ana kilo 4.5 za msingi, anaondoka na 10.7. Sasa wafuate mpaka asubuhi ya siku ya tano, chakula kimebaki cha siku hiyo tu na maji ni yaleyale lita 2. Wa kwanza bado ana karibu kilo 14. Wa pili ana kilo 7 na nusu hivi. Tazama vizuri hapo: siku nzito kuliko zote ya yule wa pili ni nyepesi kuliko siku nyepesi ya yule wa kwanza. Mimi hesabu hii ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini watu wanahangaika na uzito wa mswaki.

Madaraja yaliyozoeleka yanatokana na ratili, kwa kuwa ndicho kipimo cha Wamarekani. Uzito wa msingi ukiwa chini ya ratili 20, kama kilo 9, unahesabiwa kuwa mwepesi. Chini ya ratili 10, kama kilo 4.5, huo ni mwepesi sana, na ndio unaotajwa mno kwenye mazungumzo ya watembeaji. Wapo wanaoshuka chini ya ratili 5. Hakuna sayansi iliyoichagua 10 ikaiacha 11. Ni namba inayokaa vizuri mdomoni, na inatosha kuwa alama ya kujipimia.

Watu walitembea wepesi kabla dhana haijapata jina. Mwaka 1955, Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 aliyezaa watoto 11, alitembea Appalachian Trail yote peke yake, kutoka Georgia hadi Maine, kuanzia Mei hadi Septemba. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alibeba begani mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua, na miguuni alivaa raba. Katika miaka ya 1990 mhandisi Ray Jardine na mkewe Jenny wakaifanya kazi ileile kwa mahesabu: walishona mabegi yao na maturubai yao, wakatumia shuka nene la kujifunika badala ya mfuko wa kulalia, wakatembea Pacific Crest Trail na uzito wa msingi ulio chini ya ratili 10. Makampuni yanayouza vifaa vyepesi leo yamekuja nyuma ya watu wa namna hii, waliokuwa na cherehani nyumbani. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakisikia "vifaa vyepesi" wanafikiria bei kwanza.

Kazi inaanza na mizani. Mwaka huu nilipoanza kujiandaa kwa wiki 2 za mwanzo za Appalachian Trail, nilitandika mkeka sebuleni, nikapanga juu yake kila kitu nilichokusudia kubeba, nikaleta mizani ya jikoni ninayopimia unga wa mandazi. Nilipima kimoja kimoja nikiandika kwenye daftari. Usipime kwa makundi. Ukiweka "vifaa vya kuogea" kwa pamoja utaona gramu 640 na kusema si nyingi; ukipima kimoja kimoja utakuta kopo la losheni peke yake limebeba zaidi ya nusu yake.

Jumla yangu ya kwanza ilikuwa gramu 11,300. Kilichonishangaza hakikuwa hema. Ilikuwa ni vile vifuko 5 vya kupangia vitu, cha nguo, cha jikoni, cha chaja na kadhalika, ambavyo vikiwa vitupu kabisa vilisoma gramu 310. Nilikuwa nabeba mifuko ya kubebea mifuko. Nikavitoa vyote, nikaweka mfuko mmoja mkubwa wa nailoni nzito ndani ya begi, gramu 60, unaozuia mvua kuliko vile vyote. Zikafuata chupa 2 za plastiki ngumu, gramu 180 kila moja. Chupa za maji za kawaida za dukani, za lita 1, zilisoma gramu 40 kila moja, na zinavumilia wiki kadhaa. Vifaa vya kuogea vikashuka kutoka 640 hadi 180: dawa ya meno ya kutosha siku 14, kipande cha sabuni badala ya sabuni nzima, losheni kwenye kichupa kidogo. Suruali ya jinzi, gramu 700, na fulana ya tatu, gramu 180, vikarudi kabatini. Jinzi ina kosa la pili, ni pamba, na pamba ikilowa mlimani haikauki upesi na inaiba joto la mwili.

Hapo nilikuwa nimepunguza gramu 1,870 na sijatumia hata senti moja ya maana, ni bei ya chupa 2 za maji. Ndiyo maana namshauri kila anayeniuliza: acha kwanza, kisha badilisha, kisha nunua. Wengi wanaanza na kununua, halafu wanalipeleka begi jepesi la bei ghali porini likiwa limejaa vitu visivyohitajika.

Baada ya hapo ndipo unakuja kwenye vitu vinavyobeba uzito mkubwa hasa: begi, hema na malazi. Kwangu, pamoja na godoro la kujaza upepo, vilikuwa gramu 7,400 kati ya zile 11,300. Begi 2,200, hema 2,600, mfuko wa kulalia 1,700, godoro 900. Hapa hakuna ujanja wa kukata mpini wa mswaki utakaofua dafu. Hema la kisasa jepesi halina vyuma vyake. Husimamishwa kwa fimbo zilezile unazotembelea mchana. Niliponunua la namna hiyo, lililokwisha kutumika, nikashuka hadi 1,050. Mfuko wa kulalia nikabadilisha kwa shuka la manyoya ya bata, gramu 750. Wazo lake ni rahisi: manyoya uliyoyalalia yanabanwa na uzito wa mwili na hayahifadhi joto, kwa hiyo upande wa chini umeondolewa, na joto la chini linalindwa na godoro. Kasoro ya manyoya ni kwamba yakilowa yanaganda na kupoteza kazi, kwa hiyo hukaa ndani ya ule mfuko wa nailoni kila wakati. Godoro nikachukua la sponji linalokunjwa, gramu 400. Halina raha ya lile la upepo, ila halitoboki.

Begi lenyewe linunuliwe mwisho, na hili nalisisitiza kwa sababu mimi niliuziwa kinyume. Duka nililoanzia liliniuzia begi la lita 70 kabla hata sijajua nitabeba nini, na begi kubwa huomba lijazwe. Ukishajua ujazo na uzito wa vitu vyako ndipo uchague. Mabegi mepesi zaidi hayana fremu ndani, na mengi yake yanaanza kuumiza mabega jumla ikipita kilo 10 au 11. Aliyenunua begi la aina hiyo akaweka ndani kilo 16 atateseka kuliko aliyebeba begi zito lenye mkanda mzuri wa kiunoni. Langu jipya lina gramu 950.

Namba hii ina mahali inapopotosha. Kwa kuwa vilivyovaliwa havihesabiwi, mtu anaweza kuhamishia mfukoni simu, kisu na tochi akajitangazia ushindi, na magoti yake hayatadanganyika. Viatu pia havimo kwenye hesabu, ilhali watembeaji husema ratili 1 mguuni ni kama ratili 5 mgongoni. Ndiyo maana wengi wao wameacha buti za ngozi na kuvaa raba za kukimbilia njia za porini. Kwenye jangwa la kusini mwa California mtu hulazimika kubeba lita 5 za maji au zaidi, na siku hiyo uzito wa msingi unakuwa sehemu ndogo ya habari. Kwenye sehemu za Sierra Nevada sheria za hifadhi zinakutaka uweke chakula kwenye pipa gumu ambalo dubu hawezi kulifungua, na pipa hilo tupu lina karibu kilo 1. Hiyo inaingia kwenye msingi wako, upende usipende, na ni haki iingie.

Kuna vitu ambavyo mizani haina sauti juu yake: koti la mvua, nguo kavu ya kulalia, koti la joto, kichujio cha maji, tochi ya kichwani, dawa za huduma ya kwanza. Milima ya Georgia kaskazini inaweza kupata theluji mwezi Machi. Mtu aliyelowa, amechoka na hana nguo kavu anaweza kupoteza joto la mwili hadi akafa akiwa kilomita chache tu kutoka barabarani. Anayekata gramu 300 za koti ili afike ratili 10 hajaelewa kipimo hiki ni cha nini.

Wanaobeba vingi kupita kiasi njia yenyewe huwaelimisha mapema. Kiasi cha kilomita 50 kutoka Springer Mountain, pale Neel Gap, lipo duka la Mountain Crossings ambako watembeaji wamezoea kumwaga mabegi yao chini, wakasaidiwa kuchagua, na kutuma nyumbani kwa posta vile ambavyo siku 3 au 4 za kupanda vilima zimewaonyesha hawavihitaji.

Khanga yangu haikutoka. Niliipima: gramu 210, ni pamba, na kwa kanuni niliyoitoa hapo juu ingerudi kabatini pamoja na jinzi. Lakini nikijifuta nayo, nikajifunga kichwani jua likiwa kali, nikakunjia humo koti ikawa mto wa usiku, nalala vizuri. Nimeiandika kwenye daftari kama kitu kingine chochote, na jumla ya mwisho, khanga ikiwemo, ni gramu 5,180.