Huruma na Kuhoji: Dhana Potofu katika Mafunzo ya Uuguzi

Hapa Tanga, kama ilivyo kwingineko nchini, uuguzi huitwa kazi ya wito, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba akili hisia ni kipaji ambacho mwanafunzi ama huja nacho kutoka kwao ama hana kabisa. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani walioieleza mwaka 1990, hawakuifanya kuwa upole wala tabia njema. Waliieleza kuwa ni uwezo wa kufuatilia hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Mwanafunzi mpole anaweza kupita kitanda baada ya kitanda asiione hofu ya mgonjwa, ilhali mwenzake asiye na maneno mengi akaitambua mara moja.

Madai kwamba akili hisia huchangia asilimia 80 ya mafanikio ya mtu nayo yaachwe. Yalitokana na kusomwa vibaya kwa kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995, na mwenyewe ameyakanusha.

Wapo pia wanaoamini kwamba hisia huharibu fikra, hivyo muuguzi hodari ni yule aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu. Antonio Damasio, daktari wa mfumo wa fahamu, alichunguza watu waliopata madhara katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambao akili zao zilifaulu vipimo vya kawaida lakini hisia zao zilikuwa zimefifia. Watu hao walishindwa kufanya hata maamuzi madogo ya maisha yao. Wasiwasi anaoupata muuguzi akimtazama mgonjwa ni taarifa inayodai kuchunguzwa, ingawa peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Dhana inayoleta madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayoona fikra tunduizi, yaani kuhoji na kupima taarifa kabla ya kuzikubali, kuwa ubishi. Katika mji wa pwani ambako mtoto hufundishwa kuamkia kabla ya kufundishwa kusoma, mwanafunzi anayemhoji sista wa zamu au daktari huonekana amekosa adabu. Tuchukue mfano wa mzazi aliyejifungua saa mbili zilizopita. Presha yake ni 110/70, na kwenye karatasi haina tatizo. Akiulizwa hali, anajibu kwamba ni salama, kama watu wa huku tunavyojibu hata tunapoumwa. Lakini mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika, anapumua mara 28, na mikono yake ni ya baridi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza hadi karibu asilimia 30 ya damu yake kabla presha haijashuka, kwa kuwa moyo huongeza kasi na mishipa hujibana ili kufidia upungufu. Ndiyo maana mapigo yanayozidi namba ya juu ya presha ni dalili ya hatari. Anayefuata presha peke yake ataandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Anayefikiri atapapasa mfuko wa uzazi, atafunua shuka aone damu iliyotoka, ataita msaada bila kumwacha mzazi, na atamwambia daktari: “Samahani daktari, mzazi wa kitanda cha nne mapigo yamefika 124, anapumua mara 28 na mikono imepoa. Nahofia anavuja damu, naomba uje umwone sasa.” Hapo adabu haijavunjwa hata kidogo. Kusema hivyo mbele ya mkubwa bila sauti kutetemeka, na kurudia endapo hakusikilizwa, kunahitaji kuitawala hofu yako mwenyewe. Kwa hiyo stadi hizi mbili, akili hisia na fikra tunduizi, hazitenganishiki pale kitandani, hata zikifundishwa katika vipindi tofauti.

Husemwa mwisho kwamba miaka ya kazini itawafundisha wanafunzi stadi hizi. Miaka hufundisha mazoea, na mazoea yanaweza kuwa mabaya. Mwanafunzi anayefanya mafunzo kwa vitendo, iwe katika hospitali ya mkoa ya Bombo au katika kituo cha afya cha wilayani, anahitaji mwalimu atakayeketi naye baada ya zamu na kumuuliza aliona nini, alidhani nini, ni ushahidi gani ungembadilisha mawazo, na alijisikiaje ndugu wa mgonjwa walipomfokea. Mtihani wa kuchagua herufi hauulizi hayo, na kwa kuwa wanafunzi husoma kile kinachotahiniwa, maswali hayo yanapaswa kupewa alama.