Kalafati na usukani

Wiki iliyopita nilivuka hadi Shela, hapa Lamu, kwa mteja wangu wa miaka mingi, mzee mwenye nyumba ya wageni ambaye namwita Ami. Siku hiyo hata kahawa hakunikaribisha. "Mwanangu, nizimie hizi apdeti zote, za kompyuta na za simu. Nimechoka."

Asubuhi ile wageni wanne walikuwa mbioni kuwahi ndege kisiwani Manda, stakabadhi zao hazijachapishwa, na kitufe cha kuchapisha hakikuwa mahali pake. Programu ilikuwa imejisasisha usiku. Menyu iliyokuwa juu kushoto ilikunjwa ndani ya vistari vitatu vya kijivu pembeni, na macho ya miaka sabini hayakuviona. Boti iliondoka na wageni, stakabadhi zikabaki.

Wenzangu wa fani hii ya kompyuta wana tabia ya kuwaona watu kama Ami kuwa wagumu wa kujifunza. Naikataa kabisa kauli hiyo. Ami aliijua programu ile hadi vidole vyake vikienda vyenyewe; aliyekosea ni aliyehamisha vitu bila kumuuliza. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8 bila kitufe cha Start. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka uliofuata, kwenye 8.1, kitufe kikarudishwa. Waliolalamika walikuwa na haki.

Hata hivyo ombi la Ami sikulikubali.

Nilimuuliza: ukilipeleka jahazi Matondoni kukalafatiwa, fundi akaziba nyufa zote kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, kisha ukakuta na usukani ameuhamisha, utafanyaje? Akasema atagombana na fundi. Na jahazi litakwenda bahari bila kalafati? "Haiwezekani." Basi sasisho ni hivyo hivyo. Ndani ya furushi moja wametia kazi mbili, kuziba matundu wanayopenyea wahalifu na kubadilisha sura, na mtu akichoshwa na sura huishia kuikataa na kalafati yenyewe. Kufunganisha kazi hizi mbili ni kosa la watengenezaji, nami nawalaumu kwa hilo.

Ami akanijibu jibu ninalolisikia kila siku, mtaa wa Langoni hadi wa Mkomani: "Lakini mimi sibonyezi kitu nisichokijua."

Laiti ingetosha. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilifika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kilijisambaza chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu la Windows, bila mtu kubonyeza chochote. Kiraka cha tundu hilo Microsoft ilikuwa imekitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo kiraka ilikuwa nacho tayari.

Na simu? Mei 2019 WhatsApp iliwataka watumiaji wake wote wasasishe, kwa sababu lilipatikana tundu lililowezesha kupachika programu ya kijasusi kwa kupiga simu tu. Hata usipoipokea.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache hulifikiria. Kiraka kikishatoka, wahalifu hukichukua, wakalinganisha programu ya zamani na mpya, mstari kwa mstari, na tofauti huwaonyesha tundu lilipokuwa. Kwa hiyo siku ya kuziba ndiyo siku ya kutangaza. Anayebaki nyuma, tundu lake sasa linajulikana na kila mwenye nia mbaya.

Tulichofanya ni kutafuta mahali ambapo kazi hizi mbili zimetenganishwa. Kivinjari nimemwekea Firefox ESR: sura yake hukaa takriban mwaka mzima bila mabadiliko makubwa, huku matundu yakizibwa kila baada ya wiki chache. Kompyuta yake ina Windows Pro, ambayo sasisho kubwa la mwaka laweza kuahirishwa hadi siku 365 na viraka vya kila mwezi vikaendelea kuingia. Si kinga kamili, mabadiliko madogo bado hupenya. Mwenye Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, achukue matoleo ya LTS, yanayotunzwa miaka mitano. Simu ya Ami nayo ina tarehe ya sasisho la usalama kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Yake ilikuwa ya nyuma miezi kumi na minne, nikamsasishia hapo hapo.

Programu ya stakabadhi haina mlango wa namna hiyo. Nimewaandikia walioitengeneza, nikaomba sura ya zamani ibaki kwa anayeitaka, na maandishi yakolezwe wino. Hawajajibu. Nitaandika tena.

Viraka vya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huwa usiku. Tumekubaliana na Ami kuwa Alhamisi yake nitavuka, nikae naye hadi tuone kilichohama kimekwenda wapi. Kwa sasa kando ya kioo cha kompyuta pamebandikwa karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa: KUCHAPISHA: VISTARI VITATU, KISHA NENO LA NNE.